Sifa za Mshono wa Panda

Mshono ulionyooka haukosi wa kuusifu. Januari nzima, kwenye baraza za maduka ya Bondo, Kenya, cherehani huimba wimbo wake: sare za shule, kaptula baada ya kaptula, mguu kwenye pedeli na kitambaa kikiteleza kama mtumbwi uliopata upepo wa nyuma. Ukifika ukingoni, unakata uzi na kuvuta nguo nyingine. Hakuna fundi anayetokwa na jasho kwa ajili yake, wala anayemwita Mungu. Heshima hiyo ya pili amehifadhiwa ndugu yake anayedharauliwa, mshono wa panda, naye leo apewe haki yake.

Panda ni ile ya manati. Vipande viwili vimekwisha kuunganishwa, katikati pamebaki bonde, na kipande cha tatu kinatakiwa kiingie humo kilale kama kilichozaliwa humo. Fundi anayetandaza mabaki ya vitenge ili atengeneze mfarishi wa viraka hukutana nao mapema. Akichagua vipande vya pembe sita, kila kona ni panda. Akichagua nyota yenye ncha nane, vipande vyenye umbo la jicho la wavu vinakutana katikati kwa amani, kisha pembeni vinaacha mabonde manane: manne ya kujazwa miraba, manne ya kujazwa pembetatu. Panda nane kwa nyota moja. Ni ukarimu ulioje!

Sifa yake ya kwanza ni kwamba unajua kusimama. Mishono mingine yote hufundisha kwenda. Huu una sheria moja tu, usifike mwisho. Robo inchi kabla ya ukingo, yaani kama milimita 6, sindano isimame, uzi ufungwe, kitambaa kigeuzwe, safari ya upande wa pili ianze pale pale. Tundu moja la sindano likizidi, kona inakunja uso. Likipungua, panabaki kijidirisha cha kupitisha baridi. Isaac Singer alipopata hataza ya cherehani yake mwaka 1851, biashara aliyoifungua ilikuwa ya mwendo. Zaidi ya miaka 170 baadaye, fundi akifika kwenye panda bado huinua mguu kutoka kwenye pedeli, huweka kiganja juu ya gurudumu na kulizungusha polepole, tundu kwa tundu.

Pili, mshono huu ni shule isiyodai karo. Ndio unaomkumbusha fundi kwamba kitambaa kina mtande na mshindio, na kwamba ukikikata mshazari hakitii tena: kinavutika, kinarefuka, kinajifanya kimekosewa vipimo. Kila jicho la wavu la ile nyota lina pande mbili zinazofuata nyuzi na mbili zilizokatwa mshazari, kwa hiyo fundi hushona mtiifu na mkaidi kwa wakati mmoja. Hesabu nayo haikwepeki. Pembe tatu zinazokutana kwenye kona ya vipande vya pembe sita ni nyuzi 120 kila moja, jumla 360, ndiyo maana mfarishi hulala bapa kitandani. Kiswahili kiliona mbali kilipozipa nyuzi za pembe na nyuzi za sindano jina moja.

Tatu, unatoa ajira. Bila mshono wa panda, wembe wa kufumulia ungezeeka kwenye kopo la vifungo. Na mteja aliyeambiwa “kesho utapata” tangu Jumatatu, anaposikia kwamba kazi imekwama kwenye kona, huguna na kuondoka kwa heshima. Mshono ulionyooka haujawahi kumwokoa fundi namna hiyo.

Wanaodhani haya ni mambo ya mfarishi tu wainue mkono. Kanzu ina kikwapa, kile kipande kidogo kinachoingizwa pale mkono unapokutana na taharizi ya ubavuni. Mwenye kanzu hakioni, na fundi hakisahau, kwani pembe zake zote zinataka kule kule kusimama na kugeuka. Kikikaa vizuri, mtu huinua mkono kusalimia au kuomba dua bila nguo yote kupanda naye. Kikikosewa, msikiti mzima husikia.

Kisha kuna mpira wa miguu. Ule wa vipande 32, ambao dunia iliuzoea tangu Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico, una vipande 12 vyeusi vya pembe tano na 20 vyeupe vya pembe sita. Kona zake ni 60, na kila moja ni panda: cheusi kimoja, vyeupe viwili. Jumlisha: 108 na 120 na 120 ni 348. Zimepungua nyuzi 12, na ni pengo hilo, likivutwa hadi lizibwe, linalolazimisha vipande kubinuka vikawa duara. Klabu ya Gor Mahia ilipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, kando ya Ziwa Viktoria walisifiwa wafungaji, kipa na kocha. Kona 60 hazikutajwa na mtu.

Maadui nao hawakosekani. Kuna washonaji, hasa Marekani, wanaokata kila pembe sita katikati, wakaunganisha nusu hizo kwa mistari mirefu iliyonyooka, na panda ikatoweka. Ukiutazama kwa mbali, mfarishi wao ni ule ule. Ukiinama, unaona kovu limepita katikati ya kila kipande, ushahidi wa mtu aliyekimbia kona.

Jioni, Bondo, baraza inapoanza kuingia giza, cherehani za jirani zinamalizia kaptula za mwisho kwa mbio. Moja imenyamaza. Fundi wake amefika kwenye bonde la sita la nyota ya vitenge. Mguu uko chini, kiganja kiko kwenye gurudumu, midomo inahesabu. Tundu moja. La pili. La tatu. Ananyanyua kitambaa, anakigeuza kuelekea mwanga uliobaki, anapitisha kidole gumba juu ya kona. Kisha, bila kutazama, mkono wake unaufuata wembe kwenye kopo.