Jinsi ya Kulipia Barabara kwa Gari la Kuchomeka Ukiwa Kanazi

Hongera kwa gari jipya, maana kwetu Kanazi, Ngara, gari lililotoka kiwandani Japani mwaka 2013 ni jipya kabisa. Forodha wao wana hesabu yao: likishavuka miaka 10 linatozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru mwingine na VAT. Lipa, usibishane. Umeagiza Mitsubishi Outlander ya kuchomeka, petroli huku, betri kule, kwa sababu shemeji yako wa Dar es Salaam alikwambia gari la umeme halilipi kodi ya barabara. Kasema kweli, nusu.

Kwanza kabisa, usihangaike kutafuta stika ya rodi laisensi. Serikali iliifuta mwaka 2017, na pengo lake likazibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Mafuta ya taa nayo yakaongezwa hizo hizo 40, wajanja wasije wakachakachua. Kwa hiyo kama bibi yako bado anawasha koroboi, mpelekee kilo ya sukari na shukrani nyingi. Tangu mwaka ule naye amekuwa akikuchangia rodi laisensi. Bibi hana gari, hana hata baiskeli, lakini mchango wake hauchelewi na wala hadai risiti.

Mwaka 2021 lita ikabebeshwa shilingi 100 nyingine kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani hizi za kwetu, vumbi kiangazi, utelezi masika. Ukikuta shimo, lipite kwa heshima. Umelichangia.

Sasa ndipo ujanja wako unapoingia: usijaze tangi, chomeka. Betri ya Outlander ya mwaka 2013 inabeba uniti 12 hivi. Chaji mara saba kwa mwezi, tayari umekula uniti 84, kabla mama watoto hajawasha hata taa. Na wewe ulikuwa yule mteja mdogo wa TANESCO, mwenye uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, uniti moja shilingi 100 kabla ya kodi. Wakikuhamishia kwa wakubwa, uniti inakuwa 292. Nunua LUKU, kisha usome ujumbe wa simu taratibu, kabla hujabonyeza tarakimu 20 kwenye mita: VAT, REA asilimia 3, EWURA asilimia 1, na mwanzo wa mwezi kodi ya jengo shilingi 1,500. Barabara haimo. Unaendesha gari huku unalipia nyumba.

Umeme ukikatika, kumbuka kwamba mtambo wa Rusumo, megawati 80 za kugawana sisi, Rwanda na Burundi, uko jirani tu. Haitakusaidia kitu, ila inapendeza kujua. Injini itanguruma, nawe utarudi kwenye petroli na kwa bibi.

Tozo ya kuingia mjini Ngara hakuna, jambo linalotutia aibu kidogo mbele ya wageni. London wanatoza tangu 2003, na haibridi za kuchomeka zilipita bure hadi Oktoba 2021, walipostuka. New Zealand nao walistuka: tangu Aprili 2024 haibridi kama yako inalipa dola zao 38 kwa kila kilomita 1,000, maana waligundua mwenye betri anakanyaga lami ileile kama mwenye tangi. Usikimbilie kuliuza Rwanda pia. Kuanzia Julai 2025 wamezirudishia haibridi VAT.

Kwa hiyo funga mdomo. Akija mtu wa kodi akakuuliza gari linatumia nini, sema petroli. Akiuona waya unatoka dirishani hadi ubavuni mwa gari, mwambie ulikuwa unapiga pasi.