Usiguse Giaboksi, Bosi

Jiji hili lina watu ambao hawajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini giaboksi ya gari lako wanaijua kuliko aliyeiunda. Oili ya injini haina ubishi, kila mtu anajua inamwagwa na inawekwa nyingine, maisha yanaendelea. Ugomvi uko kwenye oili ya giaboksi ya oto. Kaa kwenye kijiwe chochote cha kahawa, uliza kwa upole, "Jamani, hii kitu inabadilishwa lini?" Halafu shika kikombe chako vizuri kisije kikapigwa kumbo.

Shemeji yangu ndiye kiongozi wa kundi la kwanza. "Shem, hiyo ni oili ya maisha. Mjapani akishaweka, ameweka." Anasema hivyo akiwa ameegemea bodi ya gari langu, kwa sababu lake liko gereji. Jirani wa mkono wa kulia anaongoza kundi la pili: yeye hubadilisha kila anapobadilisha ya injini, na anakuangalia kwa huruma ukimwambia wewe hufanyi hivyo, kama vile umekiri hupigi mswaki. Kundi la tatu ni la mafundi. Hawa kauli yao ni moja kutoka Tegeta mpaka Mbagala: "Usiguse giaboksi, bosi. Ukiigusa inakufa."

Basi ukiwasikiliza wote, oili hiyo inabadilishwa kila mara, haibadilishwi kabisa, na ni hatari kuiuliza.

Ningefurahi kama wakubwa waliotengeneza vitu hivi wangetuamulia ugomvi, lakini na wao wana kijiwe chao. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake za oto zimefungwa kwenye magari mengi ya kifahari ya Ulaya, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Baadhi ya watengeneza magari waliozinunua giaboksi hizo hizo wakawaambia wateja kwa miaka mingi kwamba oili haina haja ya kubadilishwa. Aliyekiunda kitu anasema kina umri. Aliyekinunua na kukiuza tena anasema hakizeeki. Mtu yeyote aliyewahi kununua kitu Kariakoo anajua hapo amwamini nani.

Na mimi naelewa kwa nini wanasema hivyo. Gari jipya lisilodai matengenezo linauzika. Mnunuzi wa kwanza atalitumia miaka michache, atalirudisha, atachukua jingine. Siku giaboksi inaanza kupiga teke, waranti imeshakwisha zamani na gari limeshavuka bahari linakunywa vumbi la Goba. Aliyeandika ratiba ya matengenezo hakuniwaza mimi hata sekunde moja. Mimi ni mmiliki wa pili, au wa tatu, au wa tano. Hilo nalo ni jambo ambalo gari lingeweza kuniambia kama lingekuwa linaongea.

Na kusema kweli linaongea! Kila asubuhi nikiwasha, dada wa Kijapani ananisemesha kwa heshima kubwa. Kwa muda mrefu nilimjibu "ahsante" nikidhani ananitakia safari njema. Kumbe analalamika kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara za mwendo kasi za huko kwao. Dada huyu amekaa ndani ya gari hili tangu likiwa jipya, ameona kila kitu, na jambo pekee analotaka tuongee ni kadi. Redio nayo imetengenezwa kwa masafa ya Japani, haivuki 90, stesheni ninazozitaka zote ziko juu ya hapo. Kitabu cha gari kipo, kizuri, kina picha za rangi, na kimeandikwa kwa Kijapani kitupu.

Ushahidi wa maana niliupata kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Pale Wajapani hubandika stika ya servisi. Yangu ilikuwa imepauka, lakini tarehe inasomeka: 25, halafu 8, halafu 10. Fundi akaisugua kwa kidole gumba akatabasamu. "Si unaona, bosi? Elfu mbili ishirini na tano. Oili bado mpya kabisa." Nikamkumbusha kwamba mwaka huo gari lilikuwa liko Tabata likigombania njia na bajaji. Akasema basi labda ni kosa la uchapaji.

Halikuwa kosa. Wajapani pamoja na kalenda yetu wana hesabu yao ya miaka kwa enzi ya mfalme, na mwaka wa 25 wa enzi ya Heisei ni 2013. Chini ya tarehe kulikuwa na kilomita: 92,000. Siku ninalinunua, dashibodi ilisoma 71,000. Gari lilikuwa linazeeka kinyumenyume; lingechelewa kidogo bandarini lingefika likiwa jipya. Aliyeniuzia alipoulizwa alisema kule Japani barabara ni nzuri sana.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa mstari wa chini. Stika ile ina orodha ya vitu: oili ya injini, filta, na herufi tatu ambazo hata mimi nazisoma, ATF, yaani oili ya giaboksi ya oto. Oili ya injini imezungushiwa duara. Filta imezungushiwa duara. ATF, nafasi yake nyeupe pe. Huko Japani nako kulikuwa na shemeji.

Nikarudi kwenye maandishi. Gari langu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile la 2002 hadi 2007, oto ya gia 4. Marekani iliuzwa kwa jina la Scion xA, kwa hiyo kitabu cha Kiingereza kinapatikana. Vitabu vya namna hii vina ratiba mbili: matumizi ya kawaida na matumizi magumu. Nikasoma maana ya matumizi magumu: barabara za vumbi, kwenda mwendo mdogo na kusimama injini ikiunguruma kwa muda mrefu kama teksi, kubeba au kuvuta mizigo mizito, safari fupi fupi kwenye baridi ya kugandisha maji. Ukiacha hiyo baridi, waliandika ratiba yangu ya Jumatatu. Wanachokiita hali ngumu ya kipekee, sisi tunakiita kwenda Posta.

Na joto ndilo adui. Oili hii hailainishi tu vyuma kama ile ya manyuo. Ndiyo inayobeba presha ya kubana klachi ndani ya giaboksi, ndiyo inayosukumwa kwenye toki konveta, na ndiyo inayoondoa joto lote hilo. Foleni ya Morogoro Road saa nane mchana inaichemsha kazi yote hiyo ikiendelea, na dawa zilizochanganywa ndani yake zinachoka. Ikiwa nzima ni nyekundu. Ikichoka inakuwa kahawia. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, basi kuna kitu kimeungua kweli.

Hapo ndipo ile hofu ya mafundi ilipozaliwa. Mtu anaendesha mpaka gia zinateleza, ukiweka D gari linafikiri kwanza, ndipo anakumbuka oili. Inabadilishwa, wiki inayofuata giaboksi inakufa, na lawama zote inabebeshwa oili mpya. Ni mgonjwa aliyefichwa ndani na ndugu zake mwaka mzima, kafikishwa hospitali siku ya mwisho, halafu msibani watu wananong'ona kwamba kilichomuua ni dripu. Klachi zilikuwa zimekwisha kabla mtu hajashika spana.

Nikaenda Gerezani kununua oili. Kijana wa dukani akaniuliza, "Unataka haidroliki ya bei gani?" Nikamwambia nataka ya aina, si ya bei. Nikamtajia T-IV, ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari langu. Akanishushia kopo lisilo na maandishi hayo popote. "Zote moja, mzee. Nyekundu ni nyekundu." Si moja. Toyota za baadaye zinatumia WS. Nissan zenye giaboksi ya CVT zina NS-2 au NS-3, na hizo CVT hazina gia za kawaida, zina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili. Mkanda ule unahitaji oili yenye msuguano wake maalumu. Ukiiwekea ATF ya kawaida, unateleza na kukwaruza puli, na wewe unarudi Gerezani kutafuta giaboksi nzima ya mtumba. Kijana atakuuzia na hiyo, bila kinyongo.

Gereji nako kuna vituko vyake. Fundi alichomoa kijiti cha oili gari likiwa limezimwa, la baridi, akatangaza kwamba "imejaa". Kwenye gari hili inapimwa likiwa limepata moto, injini inaunguruma, umeshaipitisha gia kwenye kila nafasi na kuirudisha P. Akashangaa kama nimemfundisha kupumua. Tukadondosha tone kwenye tishu nyeupe: katikati kahawia ya chai ya rangi, pembeni uwekundu kidogo kwa mbali. Tumechelewa, lakini haijaungua. Na mimi nashukuru gari langu lina kijiti. Matoleo mengi ya sasa wamekiondoa kabisa, lazima gari linyanyuliwe likiwa sawasawa, joto la oili lipimwe, ndipo nati ifunguliwe kuona kama inachuruzika. Fundi wangu anapima joto hilo kwa kiganja.

Tukafungua nati ya sampu. Zikatoka kama lita 3, akataka kufunga tuondoke. Nikamwambia nyingine zimebaki kwenye toki konveta, hazitoki zote kwa mkupuo. Unaweka mpya, unaendesha siku kadhaa, unarudia, mpaka inayotoka inafanana na inayoingia. Na haisukumwi kwa mashine ya presha, maana uchafu wa miaka yote ukitibuliwa ghafla unaenda kuziba vitundu vidogo ndani. Akanisikiliza kwa makini sana, kisha akaniuliza kama kila kurudia kunalipiwa ufundi upya. Nilijua amenielewa.

Kwa hiyo wa kijiweni wakiniuliza, jibu langu ni hili. Gari la mtumba lisilo na karatasi, pima oili wiki hii, usingoje kilomita ambazo dashibodi yenyewe inazidanganya. Baada ya hapo, kwa joto letu na foleni zetu, kila kilomita 40,000 hadi 60,000, kwa oili iliyotajwa kwenye kitabu chake. Likiwa tayari linateleza, lipelekeni kwanza kwa mtu anayejua giaboksi, msije mkaifanya oili mchawi.

Shemeji amesema natupa hela. Amesema siku ya kuuza hakuna mnunuzi atakayejali, na hapo namuunga mkono. Mnunuzi wa mjini ataangalia rimu, atauliza kama namba ni D au E, ataijaribu AC, atapiga goti kukagua tairi. Oili ya giaboksi hataiuliza. Ndiyo maana risiti nimezipiga lamineti: nitazitoa mimi mwenyewe, nitazipanga juu ya boneti moja moja, na bei haitashuka hata shilingi.