Kocha wa Kwenye Simu

Hongera kwa kijana wetu wa Musoma aliyelipia kwa dola programu ya triathloni ndefu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, mbio 42.2. Hakukurupuka, miezi yote alilinganisha programu, tena akiwa amekaa. Aliyoichagua imeandikiwa watu wa theluji, kwa hiyo Januari anaendesha baiskeli sebuleni, mapazia yamefungwa. Kuogelea kunasubiri bwawa. Ziwa Victoria lipo hapo Mwigobero, lakini halina mistari chini. Muuza mkaa anayesukuma magunia mlimani kule Bunda hajui hata mapigo ya moyo wake, masikini. Na Mwalimu Nyerere, mwaka 1967, akatoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu bila programu! Bahati tu. Kijana anaanza Jumatatu, saa ikishajaa chaji.