Mshahara wa Baba Duka

Ndugu yangu, wewe ambaye duka na nyumba yako vinagawana ukuta, sogeza kigoda. Ugonjwa wetu ni mmoja.

Duka letu la Tandika lina milango miwili. Wa mbele huingia wateja na hela zao. Wa uani huingia watu wangu na bakuli zao. Alfajiri Mama Watoto, tunayemwita Waziri wa Fedha, huchota sukari ya chai. Saa nne huja Kijiko, kitindamimba wetu asiyeacha chungu bila kukionja, anadai biskuti. Jioni hupita shemeji yangu, Mzee wa Kesho. Anataka vocha, na unajua atalipa lini. Mama mkwe yeye haombi kitu. Lakini mtu amekuja kutoka Muheza na kiroba cha machungwa, utamwachaje aondoke bila kilo mbili za sukari na mche wa sabuni?

Basi Alhamisi moja nililala nimeacha 310,000 kwenye droo, hela ya kufungashia mzigo Kariakoo. Asubuhi nikakuta 140,000. Waziri alikuwa amelipa sare za shule na fundi wa bomba.

“Kwani si hela yetu?” akaniuliza.

Nikakosa jibu. Miaka sita ya duka, sikuwahi kumwambia ipi yetu na ipi ya Kariakoo. Yeye aliona droo limejaa, na droo lililojaa kweli linafanana na utajiri. Wiki ile nilirudi na nusu ya mzigo, na wateja wa unga wakavuka barabara kwa jirani.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwezi mzima tuliandika kila kitu, hata biskuti za Kijiko. Mauzo yalikuwa 2,400,000. Bidhaa zenyewe zilitugharimu 1,980,000, kodi ya fremu na umeme 100,000. Faida: 320,000. Na mlango wa uani peke yake ulikuwa umekula 290,000! Waziri alisoma mara mbili, akafunga daftari, akasema taratibu, “Baba Kijiko, kumbe tunajilipa kila siku, ila hatuhesabu.”

Tangu hapo najilipa 50,000 kila Jumamosi, inayotoka kwenye faida, si kwenye mauzo. Hela za wateja huingia lipa namba ya duka. Mshahara huenda kwenye laini ya nyumbani. Kinachobaki ni cha kodi ya mapato, tunayoilipa kwa awamu nne kwa mwaka, na cha kukuza mtaji. Sukari ya nyumbani tunainunua kama mteja yeyote, na zawadi ya mama mkwe inatoka kwenye mshahara wangu, kwa heshima yake.

Usidhani nimeshinda. Mshahara wote unashikwa na Waziri, na mimi nabaki na nauli ya Kariakoo tu, inayotoka dukani. Mzee wa Kesho bado anapita, na Kijiko amejifunza kusema “niandikie”. Ila anaandikiwa, na Jumamosi baba yake anamlipia.

Mwenzangu, usingoje duka likue ndipo ujilipe. Anza Jumamosi hii, hata kwa 10,000, na uiandike. Duka lisilomlipa mwenyewe kwa hesabu humlipa kwa kumegwa, mpaka rafu zibaki tupu.