Ukifika Mbuchi na Gari Linalolia

Mwongozo huu ni wa mgeni anayeacha lami Kibiti, kiangazi kimeshakausha njia, akateremka deltani mpaka Mbuchi akiwa na gari lenye alamu. Wa masika asijisumbue kusoma. Gari lililozama kwenye tope la Rufiji mwezi wa nne haliibiki; hata mwenyewe hulitoa kwa kuomba vijana na kamba.

La kwanza kujua, maana mafundi hawalisemi: alamu haizuii wizi. Inaita watu. Mtoto akijikwaa, kabla ya kulia huangaza kwanza aone kama mama yupo. Alamu haina akili hiyo, inalia mama awepo asiwepo. Kazi iliyobaki, ya kutoka nje, kushika rungu na kuuliza "nani huyo?", wameachiwa majirani, na hakuna aliyewauliza kama wataifanya.

Dar es Salaam majirani walishajiuzulu zamani. Gari likilia uswahilini saa tisa usiku, watu hugeukia ubavu wa pili na kumlaani mwenye gari. Ndiyo maana watu wa mjini, ambao alamu wanazo, bado huchora namba ya gari kwenye saiti mira, kwenye vioo na hata kwenye taa, ili mwizi akizing'oa apate taabu ya kuziuza. Mbuchi ni kinyume, na hatari iko hapo. Hakuna huku aliyezoea kupuuza sauti. Ukunga ukipigwa usiku, ama mamba kashika mtu, ama mtumbwi umepinduka, ama nyumba inaungua. Watu hutoka, wote.

Sasa tukiangalie chombo chenyewe. Chini ya dashibodi, nyuma ya ile plastiki ambayo fundi aliipasua kidogo akanyamaza, kuna kisanduku kidogo cheusi. Swichi ile ile inayowasha taa ya ndani ukifungua mlango ndiyo inayopeleka umbea kwa kisanduku: mlango umefunguliwa. Chumvi ya delta huipenda sana swichi hii. Ikishika kutu, umbea unakuwa wa uongo, na kisanduku, ambacho hakina macho, kitaapa kwamba mlango uko wazi na wewe umeuegemea.

Halafu kuna sensa. Ukilitamka neno hili kijijini lifafanue haraka, usije ukaulizwa kwa nini mmekuja kuhesabu watu tena wakati mlishawahesabu 2022. Sensa ya gari ni kijidude kinachotoa umeme mdogo sana kikitikiswa. Kisanduku kikiuona umeme huo kinaamua kuna mtu anavunja. Pembeni ina skrubu ya kupunguza au kuzidisha wepesi wake wa kushtuka. Fundi wa mjini huikaza mpaka mwisho, kisha hugonga tairi kwa kidole, gari linapiga kelele, na wewe unalipa kwa furaha. Hakuna anayekumbuka kukuuliza unakwenda kuegesha wapi.

Mimi niliegesha chini ya mnazi.

Nazi ilidondoka saa nane usiku. King'ora cha aina hii huuzwa kwa sifa ya kufika desibeli 110 na zaidi, na mjini sifa hiyo humezwa na baa, malori na majenereta. Mbuchi usiku kuna chura na maji yanayojaa kwenye mikoko. Sauti ilikwenda ng'ambo ikarudi. Nilipotoka na taulo kiunoni, uwanja ulishajaa kurunzi na mapanga.

"Shikamoo babu," nikamwamkia mzee aliyekuwa mbele.

"Marahaba, mwanangu. Kafa nani?"

"Hajafa mtu, babu. Ni gari."

"Limeona nini?"

"Nazi imeliangukia."

Mzee akamulika nazi, akamulika gari. Bibi mmoja nyuma yake akauliza swali ambalo mjini lisingeulizwa na yeyote: "Na nazi yenyewe ya nani?" Likaanza baraza la mnazi ule, nani aliupanda na nani aliurithi, huku gari likiendelea kulia katikati yetu kama mjomba aliyelewa msibani.

Nikabonyeza rimoti. Haikuitika. Hapa ndipo mgeni anapaswa kuijua rimoti yake. Haitumi neno moja kila siku. Ingekuwa hivyo, mwenye kifaa cha kunasa mawimbi angelidaka neno leo na kulirudia kesho. Kila ukibonyeza, rimoti inatuma namba mpya iliyofichwa kwa hesabu, na kisanduku kinaifuata hesabu hiyo hiyo kwa upande wake. Mfumo uliosambaa sana wa namna hii, KeeLoq, ulibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980 katika kampuni ya Nanoteq, na mwaka 1995 ukauzwa kwa Microchip ya Marekani. Yaani hiki unachodhani ni cha Mjapani, akili yake huenda ilitoka kwetu kusini. Kisanduku husamehe ukiwa umebonyeza mbali na gari mara chache. Kwa KeeLoq msamaha wa moja kwa moja ni mibonyezo 16. Ukizidisha, yakubidi ubonyeze mara mbili mfululizo mbele ya gari ndipo viwili hivi vipatane. Kwa hiyo usimpe mtoto rimoti achezee mchana kutwa ndani ya mtumbwi.

Yangu haikuwa na kosa la hesabu. Ilikuwa mfukoni mwa shati nilipovuka mkono wa mto jioni ile, na maji ya chumvi yalikuwa yamekula kibetri chake, kile cha umbo la sarafu. Duka la Mbuchi lina sukari, ndoano, sabuni na betri za kurunzi. Cha sarafu hakipo.

Basi nikafungua boneti nikang'oa waya wa betri, nikijiona mjanja. King'ora hakikujali. Kumbe ndani yake kina betri yake ndogo, iliyowekwa mahususi kwa ajili ya mwizi mwenye wazo kama langu. Huzimwa kwa kijifunguo chake, ambacho hupewa mnunuzi pamoja na boksi. Changu kilikuwa Dar, kwenye droo, pamoja na boksi. Kuna pia kitufe cha siri cha kunyamazisha kila kitu. Fundi wangu alikificha vizuri mno, akasahau kunionyesha.

Aliyetuokoa ni fundi wa mitumbwi. Alikuja na patasi yake ya kalafati na fumba la pamba iliyolowekwa sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka mpaka kwa jirani. Hakuuliza waya upi unakwenda wapi. Alikitazama king'ora mdomoni kama anavyotazama ufa wa ubao, akakikalafati: pamba, kugonga mara mbili, pamba tena. Kelele ikawa mkoromo, mkoromo ukawa kama nyuki ndani ya mtungi. Watu hawakuondoka. Walikaa wakipiga soga mpaka adhana ya alfajiri, na asubuhi ile nazi nililetewa imekunwa, imeungwa kwenye wali. Mwenyewe alikuwa amepatikana.

Kinacholinda gari kweli ni kile kisicholia. Ndani ya kichwa cha funguo za magari mengi ya sasa kuna chembe isiyo na betri. Ukichomeka ufunguo, koili iliyozunguka tundu huipa umeme kidogo kwa hewa, nayo hujibu kwa namba yake. Namba ikiwa siyo, kompyuta ya gari hainyunyizi mafuta, na mwizi atazungusha starta mpaka betri ife. Hiyo ndiyo imobilaiza. Ulaya waliilazimisha kwa magari mapya kuanzia 1998, bila king'ora hata kimoja.

Na delta hii inaijua kazi hiyo tangu zamani. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, ikarudi kujificha ndani ya mikoko ya Rufiji. Waingereza hawakupiga kelele. Novemba walileta meli ya makaa, Newbridge, wakaizamisha makusudi kwenye mkondo mmoja wa mto ili mnyama asitoke. Haikufunga njia zote, lakini pamoja na manowari zilizokuwa zikilinda nje ilitosha. Königsberg ikabaki na injini yake na mizinga yake, haina pa kwenda, mpaka ilipomalizwa hapo hapo Julai 11, 1915.

Neno fupi kwa anayeacha gari Nyamisati na kupanda chombo kwenda Mafia. Alamu iliyotegwa inakula umeme ikiwa imelala. Tuseme miliampea 20 tu: kwa siku 30 imeshakula zaidi ya ampea-saa 14, na betri ya gari dogo iliyochoka haina za kuchezea. Utarudi umkute mlinzi wako amekufa na mwizi hajaja. Kabla ya kupanda, zima king'ora kwa kijifunguo chake, ndipo uchomoe waya wa betri, na kijifunguo kiwe mfukoni.

Changu sijakitoa kwenye droo, maana hakina kazi tena. Pamba ya Mbuchi bado imo mdomoni mwa king'ora, inanuka papa jua likiwaka, na mwezi uliopita, nilipoegesha Kariakoo, gari liliguswa likakoroma. Hakuna aliyegeuka.