Parameta Saba Zisizoalikwa kwenye Fomu ya Parachichi

Tuseme AMCOS (chama cha ushirika) ya wakulima wa parachichi kata ya Kichiwa, wilayani Njombe, imekuomba fomu ya mtandaoni yenye sehemu nne: jina, kijiji, kilo, namba ya simu. Karani ataijaza ofisini, mnunuzi ataisoma akiwa Makambako, na wewe fundi utalala ukiamini kwamba seva itapokea vitu vinne. Amka! Seva hupokea chochote inachotumiwa, na mwenye nia yake hahitaji hata kuifungua fomu yako. Tunahesabu kushuka, kutoka parameta inayokera hadi inayoumiza.

7. Mkia wa Facebook. Kiungo kikibofywa Facebook, kinafika kwako kimeongezewa "fbclid" mwishoni. Kipuuze, ukurasa ufunguke. Kumtolea mkulima kosa la 400 kwa mkia ambao hajui ameubeba? Ana kreti mkononi, bwana!

6. Kisanduku kilichoachwa wazi. Hapa kinachoshangaza ni kisichofika. Kisanduku cha "ana umwagiliaji" kisipowekewa tiki, kivinjari hakitumi kitu, wala "hapana". Ndiyo maana fremuweki ya Rails huweka sehemu iliyofichwa yenye sifuri kabla ya kisanduku, na tiki ikiwekwa jina lilelile linatumwa mara mbili. Kwa hiyo ukiona pacha, usiite polisi kwanza.

5. Pacha wa makusudi. Sasa ita. Mtu anatuma kilo=200&kilo=2000. PHP inachukua ya mwisho. Servlet za Java, ukitumia getParameter, zinakupa ya kwanza. ASP.NET inaziunganisha kwa mkato. Mwaka 2009 Waitaliano wawili, Luca Carettoni na Stefano di Paola, walionyesha hatari yake: mlinzi wa mbele anakagua ya kwanza, programu iliyo nyuma yake inatumia ya pili. Kilo 1,800 zimeota bila mti.

4. Iliyobadili umbo. Ulitegemea neno, imekuja kamusi nzima. Kwenye Express yenye MongoDB, nenosiri[$ne]= huweza kugeuka kuwa sharti la "nenosiri lolote lisilo tupu", na mlango unafunguka kama hukukagua aina ya data. Sisitiza kwamba neno liwe neno na namba iwe namba. Rails 8, iliyotoka 2024, imeleta params.expect ya kukagua umbo: likiwa baya, anayetuma anapewa 400, na programu yako haianguki. Zawadi nzuri, itumieni.

3. Msururu. Desemba 2011, mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba ombi moja lenye maelfu ya parameta, zenye majina yaliyochaguliwa kwa hila, linaweza kuichosha seva. PHP 5.3.9 ikaweka kikomo cha parameta 1,000, na Django 1.10 ikafuata kwa idadi hiyohiyo. Safi kabisa, hadi siku ya mizani. Karani anatuma ukurasa mmoja wa wakulima 300, kila mmoja sehemu nne. Hizo ni 1,200. Django itakataa ombi zima, na angalau karani atajua. PHP itapokea 1,000 za mwanzo, itanong'ona onyo kwenye kumbukumbu za seva, na kuendelea na kazi. Wakulima kama 50 wa mwisho wamepima mzigo hewani! Gawa ukurasa, au upandishe max_input_vars ukijua unachofanya, na siku zote linganisha idadi ya mistari iliyotumwa na iliyohifadhiwa.

2. Aliyejipandisha cheo. Mapema 2012, Egor Homakov, kijana wa Kirusi, aliwaeleza watengenezaji wa Rails kwamba fremuweki yao inamwacha mwandishi wa programu amimine kila parameta ya fomu ndani ya rekodi. Jibu: hilo ni jukumu la mwandishi. Basi Machi 4 akaenda GitHub, ambayo yenyewe iliandikwa kwa Rails, akachukua fomu ya kusasisha ufunguo wa umma na kuchomeka parameta moja ya ziada: namba ya mtumiaji mwingine. Ufunguo wake ukasajiliwa kwa mtu mwenye haki ya kuandika kwenye mradi wa Rails, naye akaweka faili humohumo. Hoja imepokelewa, kaka! GitHub waliziba tundu siku ileile, wakamsimamisha, kisha wakamrudishia akaunti.

Rails 4.0 ya Juni 2013 ikaja na dawa: kontrola itaje kwa permit kila sehemu inayoruhusiwa. Laravel ina $fillable, na Django inakulazimisha kutaja fields au exclude kwenye ModelForm. Taja unachopokea, usihangaike kuorodhesha unachokataa. Kamati ya harusi hukagua kadi mlangoni. Haiandiki majina ya wakazi wote wa mkoa ambao hawakualikwa. Bila orodha hiyo, mkulima mjanja ataongeza bei_ya_kilo kwenye ombi lake na kujipangia soko mwenyewe.

1. Ya kwako mwenyewe. Ndiyo, wewe. Umeongeza sehemu ya "namba ya malipo" kwenye fomu, ukasahau kuiongeza kwenye permit. Fremuweki inafanya ulichoifundisha: inaitupa. Karani anaona "Imehifadhiwa", mkulima anarudi shambani, anasubiri pesa ambayo haina namba ya kuifikia. Hakuna mshambuliaji, hakuna kengele, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Kwa hiyo, unapoandika na kujaribu, fanya parameta isiyotajwa ilete kosa la wazi. Rails: action_on_unpermitted_parameters iwe :raise. Laravel: preventSilentlyDiscardingAttributes. Kwenye seva hai, andika kwenye kumbukumbu jina la parameta iliyotupwa, bila thamani yake, maana thamani hiyo inaweza kuwa namba ya simu ya mtu na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kisha zisome kumbukumbu hizo kila fomu inapobadilika. Ukikuta humo sehemu uliyoitengeneza mwenyewe, acha yote, rekebisha, na mpigie karani simu kabla mkulima hajaja kuuliza.