Kabichi ya Elfu Themanini

Oktoba ya Mpanda haina haja ya msaidizi. Kanga inakauka hujamaliza kuibana kambani. Sasa juu ya jua hilo, mimi mwenye miaka 51 niwake tena saa nane usiku kama jiko la mkaa! Mume wangu kahamia sebuleni na feni. Feni tunayo moja.

Ndipo dada mmoja wa kwaya akanishika mkono. "Dada, estrojeni imekujaa mwilini. Lazima isafishwe." Kopo la vidonge 60, shilingi 80,000. Nikachomoa hela ya mbolea ya mpunga.

Siku ya tatu mkojo ukawa rangi ya Fanta. Nikampigia mbio. "Sumu zinatoka hizo!" akashangilia. Na mimi, mtu mzima na kidato cha nne changu, nikashangilia naye.

Hadi alipokuja likizo binti wa kaka yangu, anayesomea ufamasia. Akaligeuza kopo, akasoma yale maandishi madogo kama mayai ya chawa. "Shangazi, hii ni DIM. Ukila kabichi, inatengenezeka yenyewe tumboni."

Kabichi! Pale Buzogwe kwa shilingi 1,000 napata la kubebwa kichwani.

Nikauliza utafiti unasemaje. Kumbe upo, ila mwingi ni wa watu wachache, na walichopima zaidi ni mkojo: mabaki ya estrojeni yanabadilika uwiano. Kwamba kuna mwanamke aliyepata nafuu kwa hilo, bado haijathibitishwa. Hata ile Fanta ni vidonge vyenyewe tu. Kazi ya kuivunja estrojeni ni ya ini, bila kopo. Kwenye orodha ya kopo kulikuwa pia na kalsiamu D-glukareti. Ushahidi wake mwingi umetoka kwa panya.

"Panya gani?"

"Wa maabara, Shangazi."

Angalau. Maana wa ghalani kwangu wana afya tele, na hawajawahi kununua kopo.

"Halafu kwa umri wako estrojeni haijazidi. Inapungua, ndiyo maana unawaka."

Yaani mgeni keshafunga mizigo, mimi nalipa elfu themanini afukuzwe! Akaniambia soya huwapunguzia baadhi ya wanawake, kidogo. Nikitaka tiba yenyewe, nikamwone daktari.

Jumapili nikamfuata yule dada nidai hela yangu. Nikamkuta kajibanza dirishani, anajipepea kwa kitabu cha nyimbo, jasho linamchuruzika hadi kwenye kola ya joho.